Folda ya Takataka

Mama yangu alizika watu wengi kuliko udongo wa Homa Bay. Sisemi aliwaua, Mungu anisamehe. Alisoma matangazo ya vifo katika redio ndogo ya pale Mbita, iliyokuwa juu ya duka la nyavu. Kila mchana, baada ya habari na kabla ya bei ya dagaa wa omena, sauti yake ilitoka katika kila kibanda kuanzia Rusinga mpaka huku Migori, na watu waliacha kijiko hewani kati ya sahani na mdomo. Kuku nao walinyamaza, naapa. Akianza kutaja jamaa ya marehemu, wake zake kwa mpangilio, watoto walioko Nairobi, Mombasa na Qatar, wakwe, mashemeji, na mjukuu wa mbali aliyewahi kuwa karani wa chifu, tangazo lilirefuka hata kabla halijaisha mtu mwingine alikuwa ameshakufa mahali fulani, na jamaa zake wako ngazini wanangoja zamu.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Maneno yake aliyapima kwa kijiko cha chai. Nadhani sauti yote aliimalizia kazini, kama mpishi wa hoteli anayefika kwake na kulala njaa. Na jambo moja hakulikubali hata ukimwekea ng'ombe mezani: kutuma ujumbe wa sauti kwa simu. Sisi watoto tulimtumia zetu, za kucheka, za kuomba, za kusengenya, naye alipiga simu kujibu, akasema neno lake, akakata. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Nyathina, mwanangu, sauti ya kuwekwa ni ya mambo ya wafu. Mimi bado naishi, nipigie tuongee." Kwa kazi aliyofanya, ungemlaumu vipi?

Basi alipofariki, kwa presha, asubuhi ya kawaida ambayo maji ya chai yalikuwa tayari motoni, hatukuwa na sauti yake hata ya kupiga chafya. Redio yenyewe ilikuwa imefungwa kitambo, na vyombo vyake vimeuzwa. Mwanamke aliyewatangaza wote hakupata wa kumtangaza. Binamu mmoja aliandika taarifa kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, akaharakisha, akakosea umri wake, na watu wakajibu kwa vile vikatuni vya mikono iliyounganishwa. Ndivyo alivyoondoka duniani.

Baba yangu ni fundi wa injini za boti. Boti ikizimika popote, Mfangano, Takawiri, hata upande wa Tanzania, yeye huitwa, huvuka, hufungua, hupiga mluzi kidogo, na injini hupona. Nimeona injini zikiwaka kwa kumwona tu anashuka gatini. Lakini wiki ile alikaa mbele ya nyumba na panga ya injini, ile inayokata maji, mapajani, anaifuta kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko yenyewe. Hakulia. Nilipokaa karibu naye alisema, "Nataka kumsikia. Si lazima liwe jambo kubwa. Neno la nyumbani tu."

Tulipekua simu za ukoo mzima. Nilitafuta hata kwenye video ya harusi ya dada yangu, ambapo mama anapita nyuma na sinia la mchele, mdomo unacheza, lakini spika ya dijei imemeza kila kitu. Ndipo nikakumbuka redio.

Hapa inabidi mnijue kidogo. Mimi nimesoma ukubwani, katika madarasa ya jioni pale Migori, tukitoka kazini na vumbi letu, tunasinzia juu ya madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Nilimaliza na cheti ambacho, kwa jinsi ninavyokisifu, watu hudhani ni kikubwa kuliko mlango. Sasa natengeneza kompyuta na simu katika duka la kupanga karibu na stendi. Katika madarasa yale nilipenda kitu kimoja kuliko vyote: dirisha jeusi. Lile lisilo na picha wala kishale cha panya, unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, na kompyuta iliyoko upande wa pili wa dunia inakutii kama askari. Wenzangu walilichukia. Mimi nilijiona nabii.

Fundi mitambo wa redio ile nilimpata Masara. Siku hizi anasimamia mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, mtu wa unga. Kelele za mashine zile zinaweza kukuhamisha meno, kwa hiyo tulisogea nyuma ya kibanda cha chapati. Akanipa pole, akasema mama alikuwa akimletea viazi vitamu studio. Halafu akanieleza habari niliyoitaka na nisiyoitaka kwa pumzi moja. Kila kilichorekodiwa kipo. Alikuwa akikihifadhi kwenye kompyuta ya kukodi iliyoko ng'ambo, nchi gani hajui, hajawahi kuiona kwa macho. Ila mwenye redio hailipii tena, kodi inaisha Ijumaa hiyo, na ikiisha inafutwa yote. Mazishi yetu yalikuwa Jumamosi.

Alinipa anwani ya ile mashine na ufunguo wake, yaani faili dogo linalofungua mlango badala ya neno la siri, ndani ya flashi iliyofungwa kwa mpira wa mkononi. Akanieleza pia mpangilio. Kuna folda mbili. Ya kwanza aliiita "safi": matangazo yaliyokatwa vizuri, tayari kwa hewani. Ya pili aliiita "takataka": rekodi zilezile kabla ya kukatwa, pamoja na yale ya mwanzo na ya mwisho ambayo msikilizaji hahitaji. Niliuliza ni yapi hayo. Akasema ni kikohozi, viti, karatasi, maongezi ya hapa na pale.

Nilirudi dukani nikafungua dirisha jeusi. Kwanza nilitaka kujua kama ufunguo unakubali. Kuna amri inaitwa scp, ambayo kazi yake ni kunakili faili kutoka kompyuta ya mbali. Unaiambia faili liko wapi, halafu mwishoni unaiambia liwekwe wapi, na kama hutaki maneno mengi unaweka nukta. Nukta hiyo ina maana: weka hapahapa nilipo. Nikachagua faili dogo kuliko yote, ili nisipoteze bando kwa majaribio, na dogo kuliko yote lilikuwa kwenye takataka. Nikaandika, nikaweka nukta, nikabonyeza. Mstari ukatembea, ukafika mia kwa mia. Sikulifungua. Kompyuta ya duka haina spika, na haja yangu ilikuwa mlango tu, nao ulikuwa wazi. Nilipiga makofi peke yangu hata mama wa duka la pili akachungulia kuona nimeshinda nini.

Kisha nikaamuru folda zote mbili zije. Hapo scp ikanionyesha tabia yake. Mtandao ukikatika katikati ya faili, amri ile haina kumbukumbu, inaanza upya kama mlevi anayesimulia hadithi. Na mtandao wa wiki ile ulikuwa ukikatika kila mtu akipiga miayo mjini. Stima, huo umeme wetu, nayo ilikuwa na ratiba yake. Nikahamia amri nyingine, rsync, ambayo ina adabu: inaangalia kilichokwisha kufika, inaleta kilichobaki, na ukiielekeza vizuri inaendelea hata na faili lililokatikia njiani. Niliikalia kama kuku juu ya mayai. Mistari ikateremka, mchana ukaenda, mwingine ukaja. Nikapiga hesabu mara mbili. Kwa mwendo ule, folda zote mbili zisingemalizika kabla ya Ijumaa. Takataka ilikuwa nzito kuliko safi, kwa sababu uchafu haukupunguzwa.

Kamati ya mazishi ilikuwa inakaa Homa Bay kwa baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa kila kamati katika ukoo wetu kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza. Nikawapigia, wakaniweka kwenye spika, nikaeleza. Kuna folda mbili, inafika moja. Kwa jinsi nilivyosikia, walijadili kwa heshima kabisa. Shangazi aliuliza kama ile ya pili ina maombi ndani yake. Mtu akauliza kama mama anasikika akikohoa, nikasema ndiyo, nafikiri. Nadhani kila mtu aliwazia spika kubwa za dijei, wageni, mchungaji, na mama akikohoa juu ya jeneza lake mwenyewe. Baba mdogo akafunga mjadala.

"Mtu hazikwi na takataka. Tuletee safi."

Hakuna aliyepinga. Mimi pia niliona ni busara. Nikaandika kwenye amri neno linaloiagiza rsync iiruke folda ile na kufuta vipande vyake vilivyokwisha kufika, diski isijae, nikabonyeza, na kazi iliyokuwa inakokota miguu ikaanza kukimbia. Ijumaa alasiri, wakati gari la maiti linatoka mochari ya Homa Bay, faili la mwisho likaingia. Nilinakili folda kwenye flashi, nikafunga kompyuta na machozi ya ushindi. Niliwaambia watu njiani kwamba nimemvuta mama kutoka Ulaya kwa kamba ya maandishi.

Jumamosi jua lilikuwa kali na ziwa tulivu mno. Kaburi lilichimbwa upande wa kushoto wa nyumba yake, kama ilivyo desturi kwa mke. Hema zilijaa. Walikuja kutoka visiwani, kutoka gatini, kutoka makanisa yote, na karibu kila mmoja alikuwa na jambo lilelile la kusema: huyu mama ndiye aliyemsoma baba yangu, ndiye aliyemsoma kaka yangu. Baba aliketi mbele, koti limemzidi, mikono inatafuta kitu cha kufuta. Nilimwambia sikioni kwamba atamsikia sasa hivi. Akageuza kichwa kuelekea spika, akanyoosha shingo, na uso wake ukafunguka kidogo, mara ya kwanza tangu kifo. Sitausahau ule uso.

Mwongoza shughuli akatangaza kwamba mama mwenyewe atatusalimia. Dijei akabonyeza faili la kwanza.

Sauti ikaja. Safi, pana, bila kikohozi, kama alivyokuwa. Akasema kwamba familia ya marehemu fulani inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa kilichotokea ziwani. Na katika hema la pili akasimama mwanamke wa chama cha akina mama cha kanisa, rafiki wa mama wa miaka yote, na akapiga ukemi ambao sijui ulitokea wapi ndani ya mwili mdogo vile. Marehemu alikuwa mume wake. Watoto wake wakasimama pia. Watu waliokuja kumlilia mama wakaanza kumlilia mtu aliyezikwa zamani, na mama mwenyewe akiendelea kutaja majina yao mmoja mmoja, taratibu, kwa mpangilio, bila kuruka mtu.

Baba mdogo akampungia mkono dijei aruke. Dijei akaruka. Faili la pili lilikuwa la mtoto wa shule, na shangazi yake alikuwa jikoni anapakua ugali. La tatu sikumbuki lilikuwa la nani, nakumbuka tu kiti kilianguka. Ukanda huu wote ni ndugu. Hakukuwa na faili hata moja lisilo na mwenyewe pale hemani. Katika kamati nzima, na mimi na cheti changu ndani, tuliifikiria sauti tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba sauti ilikuwa inasema kitu.

Waliposhika waya wakauchomoa, mchungaji alianzisha wimbo haraka, na wimbo ukatufunika wote kama turubai. Nilipiga magoti mbele ya baba kuomba radhi. Uso wake ulikuwa umefungwa tena. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, kwa upole wa mtu anayeulizia spana aliyoiazimisha:

"Huyo ni wa redio. Wangu mmemwacha wapi?"

Nilijua tumemwacha wapi.

Jumapili, kabla majivu ya sufuria kubwa hayajapoa, nilifungua kompyuta yangu ya mkononi chini ya ukuta wa nyumba na kuandika amri ileile, safari hii bila neno la kuruka. Mashine ya ng'ambo ikajibu kwamba muunganisho umekataliwa. Nikaandika tena. Nikaandika kwa namna zote ninazozijua, na nyingine nikazizua. Nikampigia fundi wa Masara. Alikimbia mbali na mashine zake ili anisikie, akaniambia hao watu hawana mchezo, kodi ikiisha wanafuta. Halafu akaniambia jambo ambalo hadi leo natamani asingelisema. Mama hakuanza kusoma mpaka sauti yake ipate joto. Aliketi kwenye kiti na kuongea kwanza, mambo yake ya nyumbani, mboga, kuku, watoto, mzee, huku rekodi inaenda. Ndiyo maana, akasema, alikuwa akikata mwanzo mrefu.

Yaani yale maneno aliyokuwa akitupimia kwa kijiko, kumbe debe zima alilimwaga kule, kila mchana, kwenye folda tuliyoipa mgongo.

Nilimweleza baba yote. Alitikisa kichwa taratibu, akasema mos, pole, kana kwamba ni mimi niliyefiwa na mke. Akaomba asiwashiwe redio tena nyumbani, na haikuwashwa. Majirani waliniarifu kwamba injini zikiharibika visiwani bado anavuka, bado zinapona, lakini hapigi tena ule mluzi.

Nilirudi Migori nikafanya kazi. Nilicheka na wateja, kwa sababu uso wangu umeumbwa hivyo, hata nikizikwa nadhani nitatabasamu na kuwatia watu wasiwasi. Lakini dirisha jeusi sikulipenda tena. Nililifungua kwa lazima, nikalifunga upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba alikokataliwa posa.

Ilipita mvua ndefu na ikaja fupi. Siku moja alikuja mchimbaji wa Masara na simu iliyojaa vumbi kiasi kwamba nilimshauri aisage apate dhahabu. Nilitaka kuhamisha picha zake kwenye kompyuta ya duka, ikakataa, diski imejaa. Nikafungua dirisha jeusi nikaomba inionyeshe kilichomo hapo nilipo. Ikateremsha orodha ya uchafu wangu wa miaka. Nikaanza kufuta. Katikati yake kulikuwa na faili dogo, jina lake ni tarakimu tupu na mwishoni herufi za faili la sauti. Nilikuwa nimeshaandika amri ya kulifuta, kidole kiko juu ya kitufe, nikajiuliza nilileta lini sauti kwenye mashine isiyo na spika.

Ile nukta. Weka hapahapa nilipo.

Nilimwomba mteja visikilizi vyake. Nadhani alinifikiria mgonjwa, kwa sababu alinivalisha mwenyewe masikioni.

Sitaeleza nilivyofanya pale dukani. Mama wa duka la pili alikuja tena kuchungulia, na safari hii alifunga mlango polepole kwa nje.

Keshoye nilikuwa Mbita. Baba alikuwa mbele ya nyumba, amefungua injini ya mtu, vyuma vimepangwa juu ya gunia. Nilimwambia nimeleta kitu, ni kifupi sana, asitarajie. Akafuta mikono, akakaa wima. Nikaweka simu juu ya gunia kati ya vyuma.

Kwanza kiti kinalia. Kisha kikohozi, kikavu, kile tulichomwonea aibu. Kisha mama, kwa Kijaluo cha jikoni, si cha redio, akimwita baba Jaduong', yaani mzee:

"Ngoja kwanza, usiwashe. Jaduong' amevuka Mfangano asubuhi bila sweta, na ziwa leo lina baridi. Sijui kichwa chake kiko wapi mtu yule. Haya, nipe karatasi."

Karatasi inachakarisha. Basi. Fundi alikata hapo ili aanze upya, ndiyo maana lilikuwa dogo kuliko yote.

 Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, ni mimi na baba na ile injini iliyofunguliwa kifua. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Akainama karibu na simu, kama anavyoinamia injini kusikiliza kasoro, na akaijibu.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Ilikuwa kwenye boti, chini ya kiti."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kiti, kikohozi, Mfangano, sweta. Akajibu tena, maneno yaleyale, kwa sauti ya juu kidogo, huenda mama hakusikia. Nilimwekea faili lile kwenye simu yake nikamfundisha pa kubonyeza. Dada yangu anayeishi karibu naye anasema hulicheza kabla ya kuvuka ziwa, na kila mara humjibu. Na kila mara, baada ya karatasi kuchakarisha, husubiri kidogo.